Mastaa, kila mtu na taasisi yake hadi lini?

Wadau, leo niwachokoze kidogo mastaa wetu. Siku hizi ukipata jina tu, kesho una taasisi ya kusaidia watoto wa kike. Nia njema sipingi. Ila mwaka jana niliitwa kupiga picha kwenye hafla mbili, ya mwimbaji mmoja na ya mwigizaji mmoja, wote wanagawa taulo za kike, tena shule ileile! Kila mmoja ana ofisi anayoilipia kodi, mhasibu wake, gari lake na MC wake. Taulo za mwigizaji zilikuwa maboksi matatu, nilihesabu mwenyewe.

Na sheria haijali ustaa. Sheria ya NGO ya 2002 inataka kila mwaka upeleke kwa Msajili ripoti ya kazi na hesabu zilizokaguliwa. Mkaguzi halipwi kwa selfie jamani. Sasa kwa nini taasisi nne tano zisichangie mhasibu mmoja, stoo moja na gari moja? Kila moja ibaki na jina lake na akaunti yake ya benki, gharama wagawane. Mama zetu wa vikoba wanaweza: sanduku moja, funguo tatu kwa watu watatu, na hakuna anayelia kafunikwa.

Najua kinachowakwamisha. Nani asimame katikati kwenye picha! Na wengine wanaogopa mhasibu wa pamoja ataona mengi.

Yule mwigizaji ofisi kashafunga, kodi imemshinda. Mabinti wa shule ile bado wanasubiri awamu ya pili aliyowaahidi.

Mashabiki msinitukane, jibuni hoja.