Vifo katika uigizaji filamu si ajali zisizo na kinga

WASWAHILI husema ajali haina kinga. Msemo huo huwaliwaza waliofiwa, lakini pia umekuwa kichaka cha kujifichia kwa wale waliokuwa na uwezo wa kuizuia ajali na wasifanye hivyo. Katika biashara ya filamu, kichaka hicho kimetumika kwa muda mrefu.

Mnamo Oktoba 21, 2021, katika shamba la Bonanza Creek, jimbo la New Mexico, Marekani, mwigizaji Alec Baldwin alikuwa akifanya mazoezi ya onyesho la filamu ya Rust. Mkononi alishika bastola iliyotangazwa kuwa salama, kumbe ndani yake mlikuwa na risasi halisi. Ilipofyatuka ilimuua mkuu wa wapigapicha, Halyna Hutchins, 42, na kumjeruhi mwelekezi wa filamu hiyo, Joel Souza.

Yaliyotangulia siku hiyo ndiyo yanayostahili kumulikwa. Siku chache awali, silaha zilikuwa zimefyatuka mara mbili pasipo kukusudiwa na kazi haikusimamishwa ili kuchunguza sababu. Asubuhi ya mkasa wenyewe, baadhi ya wafanyakazi wa kamera waliondoka wakilalamikia mazingira ya kazi, usalama ukiwemo. Kazi iliendelea bila wao.

Idara ya usalama kazini ya jimbo hilo ilibaini kwamba wasimamizi walijua taratibu za silaha hazikufuatwa. Aidha, msimamizi wa silaha, mwanamke aliyekuwa na umri wa miaka 24, alikuwa amepewa majukumu mawili kwa wakati mmoja na kukemewa kwa kutumia muda mwingi katika kazi ya silaha. Kampuni iliyotayarisha filamu ilitozwa faini ya Dola 136,793, ambayo baadaye ilipunguzwa hadi Dola 100,000 kwa maafikiano.

Mwanamke huyo ndiye aliyefungwa. Mnamo Aprili 2024 alihukumiwa miezi 18 gerezani. Naibu wa mwelekezi alikuwa amepewa kifungo cha nje cha miezi sita. Kesi ya Baldwin nayo ilitupwa Julai 2024, jaji alipopata kuwa upande wa mashtaka uliwaficha mawakili wake ushahidi kuhusu risasi.

Hakuna anayeweza kudai kuwa hatari ya bunduki katika uigizaji haikujulikana. Mnamo Machi 31, 1993, Brandon Lee, mwanawe marehemu Bruce Lee, alifariki akiwa na umri wa miaka 28 alipokuwa akiigiza filamu ya The Crow huko North Carolina. Kichwa cha risasi bandia kilikuwa kimekwama katika mtutu bila mtu kukagua, kisha baruti ya risasi tupu ikakisukuma kama risasi ya kweli.

Wala si silaha pekee. Mnamo Februari 20, 2014, wafanyakazi wa filamu ya Midnight Rider walipelekwa kwenye daraja la reli jimboni Georgia, ilhali kampuni ya reli ilikuwa imekataa kutoa kibali. Treni ilitokea wakiwa darajani. Msaidizi wa kamera, Sarah Jones, 27, aliaga dunia. Mwelekezi Randall Miller alikiri kuua bila kukusudia na akakaa jela mwaka mmoja.

Miaka zaidi ya 30 kabla ya hapo, Julai 1982, helikopta ilianguka usiku jimboni California wakati wa utayarishaji wa filamu ya Twilight Zone. Ilimuua mwigizaji Vic Morrow pamoja na watoto wawili, wa miaka sita na saba, walioajiriwa kinyume cha sheria. Mwelekezi John Landis na wenzake wanne waliondolewa mashtaka mwaka wa 1987.

Mikasa hii inafanana kwa jambo moja. Kanuni zilikuwepo, na katika Rust na Midnight Rider onyo lilikuwa limetolewa mapema. Lililokosekana ni mtu mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi bila kuhofia mkate wake. Utayarishaji wa filamu huendeshwa kwa ratiba, na kila siku inayopotea ni hasara. Kwa upande mwingine, wafanyakazi wengi huajiriwa kwa mradi mmoja tu. Anayesema "hapana" leo anajua huenda asiitwe kesho.

Wapo wanaodai kuwa hatari ni sehemu ya sanaa hii. Ukweli ni kwamba kazi ya waigizaji wa maonyesho ya hatari hupimwa, hurudiwa na kufanyiwa mazoezi hadi hofu ibaki machoni pa mtazamaji tu. Mtazamaji hulipa kiingilio ili aone mtu akinusurika, si ili mtu afe.

Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka wa 2023 kuwataka watayarishaji wanaotaka nafuu ya kodi waajiri mshauri wa usalama na kufanya tathmini ya hatari. Hatua hiyo ina busara kwa sababu inagusa mfuko, mahali ambapo maamuzi hufanyiwa.

Kenya haiwezi kulitazama suala hili kwa mbali. Filamu za Out of Africa na The Constant Gardener zilirekodiwa humu nchini, na serikali imekuwa ikiwaalika watayarishaji wa kigeni waje na fedha zao. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inahusu kila mahali ambapo mtu anafanya kazi, iwe kwa muda au daima. Kwa hivyo kijana anayebeba taa au kuendesha gari katika utayarishaji wa filamu Kibera au Turkana analindwa sawa na mfanyakazi wa kiwandani.

Hata hivyo, sheria haimsaidii kijana huyo iwapo hakuna anayeikumbuka kamera zinapowashwa. Wanaotoa leseni za kurekodi filamu wana nafasi ya kuuliza swali moja kabla ya kutia saini: Katika kazi hii, ni nani atakayesema "simameni", na je, mwelekezi atalazimika kumtii? Pasipo jibu, kibali kisitolewe.