Koili Haikuchoma Hiyo Keja, Hesabu Ndio Hii

Wiki jana keja ya chini ya yangu iliungua. Haikuisha yote, lakini godoro, nguo na laptop ya dame wa mwaka wa pili vilienda. Alikuwa ameweka koili kwa ndoo aoge aende class, akatoka nje kuanua nguo. Kurudi, moshi.

Caretaker alitoa hukumu kabla hata maji ya kuzima moto hayajakauka: "Ni koili." Deposit ya msichana imeliwa. Na sisi wengine, kuanzia mwezi huu, ukipatikana na koili unaongeza 500 kwa rent. Watu wakanyamaza. Hata mimi, siku hiyo, nilinyamaza.

Lakini niliona kitu. Ndoo ilikuwa bado na maji, koili iko ndani, nzima. Kilichoyeyuka kilikuwa soketi ya ukutani, hapo godoro lilikuwa limeegemea. Sasa niambie, koili ilitoka kwa ndoo ikatembea hadi ukutani ikajichoma huko?

Tufanye hesabu, na usikimbie. Mimi fizikia nilikimbia Form Two, chuo nikaacha mwaka wa pili, na hii nimeielewa. Koili yake imeandikwa wati 1500. Stima ya ukutani Kenya ni volti 240. Wati ni volti mara ampea, kwa hivyo 1500 gawa kwa 240 unapata ampea 6.25. Soketi ya kawaida imetengenezwa kubeba ampea 13. Yaani huyo dame alikuwa anatumia chini ya nusu ya kile ukuta wenyewe uliahidi kubeba. Kama mat ya abiria 14 imevunjika ekseli ikiwa na watu 7, utalaumu abiria?

Nikaita fundi mmoja wa mtaa, mzee mpole, nikamwambia nataka anipimie keja yangu. Alichukua 300. Kwanza akapima soketi ikiwa haina kitu: volti 240. Akafungua, akabana waya moja na ile mita ya kupima ampea, tukawasha kettle. Ampea 7.9. Volti zikashuka hadi 228. Akanituma kwa boksi ya mita pale chini, kettle ikiwa bado inachemka, na pale ilikuwa 240 ile ile. Haikutingisika.

Hapo ndipo niliogopa. Volti 12 zinapotea kati ya mita na keja yangu, ndani ya ukuta. Gawa 12 kwa 7.9, unapata ukinzani wa kama ohm 1.5. Halafu zidisha 12 kwa 7.9: wati 95. Hizo wati hazichemshi chai. Zinapasha ukuta. Unakumbuka zile balbu za zamani za wati 100, zile ungegusa unaacha ngozi? Niko na moja ya hizo imefichwa ndani ya plasta, na kila nikipika chai inawaka. Fundi alisema shida iko kwa viungo, waya zimesokotwa tu kwa mkono zikafungwa tepu, na waya yenyewe ni nyembamba.

Na joto halipandi pole pole. Ampea zikiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne. Tia instant shower ya wati 5000 kwa waya hiyo hiyo: ampea zinakaribia 18, na ukuta unakula zaidi ya wati 500. Hiyo ni nusu ya pasi, imewashwa, imezikwa kwa simiti. Na keja za juu kabisa ziko na instant shower. Landlord mwenyewe ndiye aliziweka ili apandishe rent.

Sasa turudi kwa ile 500. Koili ya wati 1500, dakika 10 kila siku, ni robo unit. Mwezi mzima ni unit 7 na nusu. Tuseme unit moja ni shilingi 30. Hiyo ni 225. Hizo zingine 275 ni za nini? Kama ni za kurekebisha waya, leteni fundi leo, nitalipa nikiimba. Kama si hivyo, basi mtu amechomewa nyumba halafu mnatutoza sisi.

Najua mtasema wanafunzi pia wako na makosa. Wako. Nimeona msee ameweka foili ya sigara mahali pa fyuzi, na ekstensheni moja inabeba kettle, pasi na koili. Hizo ni wati 4500, karibu ampea 19, kwa kitu kimeandikwa 13. Huyo hata mimi nitamgombeza. Lakini msichana wa chini hakufanya hivyo. Alichomeka kitu kimoja, kwa soketi moja.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ploti nzima tulikuwa na hii hesabu. Watu zaidi ya 40, wengi walikaa kwa hiyo somo Form Three, wengine walipata A. Georg Ohm aliandika hii kitu 1827, akiwa mwalimu tu wa shule, na mwanzoni wakubwa hawakumsikiza. Sisi tuliifundishwa bure tukaiacha kwa karatasi ya mtihani, halafu mtu ambaye hajawahi kushika mita akasema "ni koili" na tukaitikia kwa vichwa.

Jana nimepelekea caretaker hizo namba, zimeandikwa kwa karatasi: 240, 228, 7.9, 95. Ameiangalia kwa muda, akaniuliza kama nimelipa ya garbage.

Fundi amekubali kupima keja zingine kwa 150 kila mlango tukiwa wengi. Tuko wanane. Huyo dame sasa analala kwa rafiki yake, na deposit yake bado hawajarudisha. Kama unaishi hii ploti, mlango wangu unaujua.