Nani Atampokea?

Huko kwetu Manchira, katika Wilaya ya Serengeti, mtu akisema kwamba anasafiri, haulizwi kwanza anaondoka lini wala nauli ni kiasi gani. Huulizwa atapokewa na nani. Akilitaja jina la ndugu, au hata la rafiki wa ndugu, wazee hutulia na kuanza kumfungashia unga na kuku wa njiani. Akikosa jina la kulitaja, hutazamwa kama mtu atakaye kupotea.

Swali hilo liliigawanya familia yangu mwezi wa Oktoba 2023. Nimewaomba ruhusa wote wanaohusika ili nikusimulie, maana naamini kwamba nyumbani kwako nako limekwisha kufika, au liko njiani.

Binti yangu anasoma uhandisi wa maji nchini Finland. (Mtoto aliyekua akiona bwawa la Manchira likiupatia mji wa Mugumu maji, huku yeye mwenyewe akibeba ndoo kichwani, hakutushangaza kwa kulichagua somo hilo.) Katikati ya muhula chuo chao husimamisha masomo kwa muda wa wiki moja hivi. Akatuandikia kwamba amejiwekea akiba kutokana na kazi ya kufagia ofisi nyakati za jioni, na kwamba anakusudia kuzitembelea nchi tatu zilizo ng'ambo ya bahari: Estonia, Latvia na Lithuania. Siku nane, peke yake. Hakuomba fedha. Aliomba radhi ya wazazi tu.

Nisikufiche, nilikataa.

Sababu niliyoitoa ilikuwa meli. Kutoka Helsinki hadi Tallinn, mji mkuu wa Estonia, ni mwendo wa saa mbili hivi baharini, na mimi nilikuwa nimesoma habari za meli iliyoitwa Estonia, ambayo ilitoka Tallinn ikielekea Stockholm ikazama usiku wa tarehe 28 Septemba 1994, wakafa watu 852. Sisi wa Kanda ya Ziwa tuliofiwa tarehe 21 Mei 1996 ilipozama MV Bukoba hatuhitaji kuelezwa maana ya habari kama hiyo. Lakini ukweli ni kwamba kaka yake alipotaka kwenda peke yake Lubumbashi kutafuta biashara, kuvuka mipaka miwili na barabara nisizozijua, nilimpa nauli na kumtakia heri. Sikumtajia ajali yoyote. Mke wangu alinikumbusha jambo hilo kwa upole, nami nikajifanya sikusikia.

Kwa faida ya msomaji ambaye hajapata kuzisikia, nchi hizi tatu zimejipanga katika pwani ya mashariki ya Bahari ya Baltiki. Ukiziunganisha zote hazifikii moja ya tano ya eneo la Tanzania, na jumla ya watu wake ni kama milioni 6, wanaozidi kidogo tu wakazi wa Dar es Salaam, ambao katika sensa ya mwaka 2022 walikuwa milioni 5.38. Zilikuwa dola huru baada ya Vita Kuu ya Kwanza, zikamezwa na Urusi ya Kisovieti mwaka 1940, na mwaka 1991 uhuru wao ukatambuliwa tena na ulimwengu. Tangu mwaka 2004 zimo katika Umoja wa Ulaya, na tangu Desemba 2007 ni miongoni mwa nchi zilizoondoa vizuizi vya kudumu mipakani baina yao; kwa hiyo mwanafunzi mwenye kibali cha kuishi Finland aweza kuzizuru kwa siku chache bila kuomba viza nyingine. Wazee wetu waliosoma huko zama za Kisovieti watakumbuka kwamba mwanafunzi wa kigeni hakutoka katika mji aliopangiwa bila kibali. Kwa upande wa karatasi, basi, binti hakuwa na kosa.

Katika kutafuta sababu nyingine za kumzuia nilifungua vitabu, navyo vikanisumbua zaidi. Mwaka 1896 Mswahili mmoja, Salim bin Abakari, alisafiri kutoka Berlin hadi Petersburg na kuendelea mpaka Siberia; habari zake zimo katika kitabu cha Safari za Wasuaheli alichokitoa Carl Velten mwaka 1901. Reli ya siku zile kutoka Berlin kwenda Petersburg ilikatiza Lithuania. Lakini Salim hakuwa peke yake. Alikuwa mtumishi akifuatana na bwana wake Mjerumani, na mwenye bwana ana wa kumjibia mlangoni. Mwaka huohuo vijana wawili wa Baltiki, Ewald Ovir wa Estonia na Karl Segebrock wa nchi ambayo leo huitwa Latvia, walifika Meru, karibu na Arusha, ili kuanzisha misheni ya Kilutheri. Waliuawa usiku, mwezi wa Oktoba, siku chache tu baada ya kufika. Hilo sikumsimulia mama yangu.

Mama ndiye aliyelitamka swali. Nilikuwa nimekwenda Manchira, na jioni tuliketi uani, mimi, mama na dada yangu mkubwa, simu ikiwa katikati yetu ili wote tumsikie binti. Akatueleza mabasi, mabweni ya wasafiri, na saa za kufika kila mji. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mjukuu wangu, vyote hivyo nimevisikia. Nani atakupokea?"

Simu ilinyamaza. Hakuwa na jina la kulitaja.

Nilikuwa nikijiandaa kulifunga shauri hilo dada yangu aliposema, bila kuinua sauti: "Mimi nilisafiri peke yangu nikiwa na umri wa miaka kumi na minne. Na mimi sikujua nitapokewa na nani."

Ndugu msomaji, katika nyumba yetu habari hiyo haikuwa imetajwa mbele ya mama kwa miaka arobaini. Ilikuwa likizo ya Desemba 1983. Katika baadhi ya koo za kwetu, likizo hiyo ndiyo iliyokuwa msimu wa kuwakeketa wasichana, na siku ya dada ilikuwa imekwisha kupangwa. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka tisa. Nakumbuka asubuhi moja mkeka wake ulikuwa mtupu. Alikuwa ameondoka usiku kwa miguu, akafika Mugumu kabla ya mapambazuko, akabisha katika mlango wa mwalimu wake ambaye hakuwa na habari naye. Mwalimu alimfungulia, na baadaye akampandisha gari la kwenda Musoma.

Leo sheria ya mwaka 1998 inamwadhibu anayemkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na Mugumu kuna nyumba salama ya kuwapokea wasichana wanaokimbia. Hata hivyo, msimu unapofika, wapo ambao likizo yao bado ni safari ya usiku, ya mtu mmoja, tena bila mkoba.

Mama alikuwa na ungo mapajani, akapepeta kwa muda mrefu. Nilidhani amekasirika. Hatimaye akasema, akimtazama dada: "Siku tatu. Siku tatu sikujua kama kuna aliyekufungulia mlango." Kisha akaielekea simu. "Nenda, mjukuu wangu. Lakini kila jioni useme umelala kwa nani."

Nimekuwa nikilisikia swali la mama tangu utotoni nikidhani ni desturi tu ya wazee. Siku ile ndipo nilipojua alikolitoa.

Hivyo radhi ikapatikana, nasi tukaweka masharti ambayo nakupa nawe, huenda yakakufaa. Binti alituma anwani ya kila mahali atakapolala. Alituachia nakala za pasipoti na za kibali chake cha kuishi. Aliandika pembeni simu ya ubalozi wetu wa Stockholm, ambao ndio unaozihudumia nchi hizo. Na kila siku saa mbili usiku alipiga simu. Mpaka Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za huko huwa sawasawa na zetu, jambo lililomfurahisha mama kuliko yote, kwamba mjukuu yuko mbali kiasi kile na bado wanaimaliza siku pamoja.

Meli haikuzama. Tallinn aliusifia ukuta wake wa kale na minara yenye paa jekundu, na akaulalamikia unyevu uliopenya viatu vyake. Sitakuchosha na majengo.

Lililomsumbua lilikuwa basi. Kutoka Tallinn hadi Riga, mji mkuu wa Latvia, ni kilomita 310 hivi, mwendo wa saa nne na nusu. "Baba," alisema usiku ule, "tangu tuondoke mpaka tufike hakuna mtu hata mmoja aliyeniuliza ninakwenda wapi." Fikiri, msomaji, juu ya mtoto huyu. Tangu kidato cha kwanza alisafiri siku mbili kwenda shule ya bweni katika mkoa mwingine, nasi tukasema anasafiri peke yake. Uongo mtupu! Kituoni Mugumu mama yake alimkabidhi kwa konda, konda akamkabidhi kwa mama mmoja mwenye vitenge, na yule mama akamnunulia mahindi njiani na kumkemea kama wake. Kwetu hata asiye na mtu husafiri na watu. Huko tiketi hununuliwa kwa simu, kiti kina namba, na kila mmoja hutazama dirisha lake.

Aliyemwuliza alikuwa askari. Katika safari nyingine, mpakani, askari waliingia ndani ya basi, wakawapita abiria wote, wakasimama kwake. Alikuwa mweusi pekee mle ndani. Walizitazama karatasi zake, wakazirudisha kwa adabu, wakashuka. Hakuna sheria iliyovunjwa, na hakuna neno baya lililosemwa, lakini sauti yake katika simu jioni ile ilikuwa ya mtu aliyechoka. Nilitaka kumwambia arudi. Dada yangu alininyang'anya simu, wakaongea wao wawili, na mpaka leo sijaambiwa waliongea nini.

Riga ilimponya. Soko kuu la mji huo, lililofunguliwa mwaka 1930, limo ndani ya majumba makubwa matano yaliyojengwa kwa kutumia mapaa ya mabanda yaliyokuwa ya kuhifadhia ndege za puto za Wajerumani. Mle huuzwa samaki waliokaushwa kwa moshi, kabichi iliyochachushwa, na mkate mweusi mzito wa nafaka iitwayo rai. Binti aliyezoea samaki wa ziwa letu alisimama kwa wauza samaki nusu siku.

Nyumba aliyolala ilikuwa ya mama mmoja mtu mzima aliyekodisha chumba cha watoto wake. Watoto wenyewe wako Ireland. Jambo hilo ni la kawaida huko: Latvia, iliyokuwa na watu zaidi ya milioni 2.6 mwaka 1989, leo ina kama milioni 1.9, na wengi katika waliopungua ni vijana waliokwenda kutafuta kazi. Binti akamwuliza, kwa Kiingereza chao cha kuungaunga, ni nani aliyewapokea watoto hao Ireland. Yule mama alifikiri, akajibu kwamba hakuwahi kujiuliza, na tangu hapo akawa hawezi kuacha kujiuliza.

Alimsimulia pia tarehe 23 Agosti 1989, siku ambayo watu wapatao milioni mbili walishikana mikono kutoka Tallinn kupita Riga hadi Vilnius, zaidi ya kilomita 600, kuudai uhuru wao. Yeye alikuwamo katika mnyororo huo. Upande mmoja aliushika mkono wa dada yake, upande wa pili wa mtu asiyemfahamu mpaka leo.

Asubuhi ya kuondoka alimsindikiza binti mpaka kituo cha mabasi, akampa nusu mkate, na glavu mbili za sufi alizozifuma mwenyewe ampelekee bibi yake. Kisha akamfuata dereva akazungumza naye kwa Kilatvia. Binti hakuelewa. Lakini walipofika Vilnius, mji mkuu wa Lithuania, dereva alishuka wa kwanza, akautoa mzigo wa binti kabla ya mizigo mingine, akamwonyesha kwa kidole njia ya kwenda mjini, akasimama akimtazama mpaka alipovuka barabara.

Nilipomsimulia mama habari ya dereva huyo, alinikatiza.

"Alimkabidhi?"

"Ndiyo, mama."

"Basi alipokewa."

Glavu zilifika Manchira mwezi wa Januari kwa mkono wa mwanafunzi mwenzake. Kwa kuwa kwetu hakuna baridi ya namna ile, mama huzivaa jikoni kwa kuepulia sufuria, na hataki mtu mwingine aziguse.