Ziwa Tunalokunywa

Nimechoka kuambiwa kwamba mwambao wa nchi hii unaanzia Tanga na kuishia Mtwara, na kwamba sisi tuliozaliwa bara, kwenye vumbi la Shinyanga, tukitaka kuona maji makubwa ni lazima tusafiri karibu kilomita elfu moja.

Ukoo wetu unapanga safari ya Desemba. Kwa miaka mingi tumekuwa tukikutana misibani tu: tunalala chini ya maturubai, tunachangia jeneza, tunatawanyika. Mwaka huu tumekubaliana tukodi kosta, tupakie wazee na watoto, tupite kandokando ya maji kwa siku tano bila kuzika mtu. Michango anakusanya baba mdogo. Ubishi ni wapi twende. Walio wengi wanataka Bagamoyo. Mimi na wachache tunataka Ziwa Victoria, kwa njia ya Usagara, Busisi, Geita, Chato na Muleba hadi Bukoba. Kwenye kundi la ukoo la WhatsApp nimeambiwa ziwa si pwani, kwamba huko ni kwa wavuvi na wachimba dhahabu, na kwamba shule imenizidi. Shangazi yangu aliandika: "Mwanangu, mtu anatoka kwenye vumbi kwenda kwenye vumbi?" Nampenda sana shangazi, ila hoja yake nitaibomoa, kwa sababu haikuanza kwake na haitaishia kwetu.

Tuanze na bomba. Maji yanayotoka kwenye mabomba ya Shinyanga mjini na Kahama ni Ziwa Victoria. Yanavutwa Ihelele, wilaya ya Misungwi, yanasafishwa, kisha yanasukumwa hadi kwetu katika mradi uliozinduliwa mwaka 2009. Ili kuyaleta, Tanzania iliupuuza mkataba wa Nile wa 1929, ambao Waingereza waliutia saini kwa niaba ya makoloni yao na kuipa Misri sauti ya kuzuia kazi za maji huku juu. Nyerere alikuwa ameshaukataa tangu 1962. Kwa hiyo taifa zima lilisimamia haki yetu ya kulinywa ziwa. Bibi yangu, anayeishi Ngokolo, amepikia ziwa hilo, amefulia ziwa hilo, na kila asubuhi anachemshia chai ziwa hilo kwa zaidi ya miaka 15. Kuliona kwa macho ameliona mara mbili. Mara zote mbili ilikuwa kupitia dirisha la wodi, Bugando.

Mitambo ililinywa kabla yake. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata 2001, na yote miwili ilijengewa mabomba ya kuvuta maji ziwani. Wakati huo Shinyanga mjini tulikuwa tunategemea bwawa la Ning'hwa, na mvua ikigoma, tulitegemea baiskeli zenye madumu. Yaani mawe yenye dhahabu yalioshwa kwa maji ya ziwa miaka minane, tisa, kabla ya watu wa makao makuu ya mkoa kuyapata. Sisemi hivi kwa chuki na migodi. Mjomba wangu amesomesha watoto wanne kwa mshahara wa mgodini. Nasema hivi kwa sababu kanda hii imechorwa kwa mashimo. Mwadui mwaka 1940, na almasi yake ya rangi ya waridi iliyopatikana 1947 ikaishia kuwa pambo la kifuani la Malkia Elizabeth. Kisha Geita, Bulyanhulu, Buzwagi. Muulize mwanafunzi yeyote wa Dar es Salaam Kanda ya Ziwa ina nini, atakutajia dhahabu, pamba na sangara. Atataja vitu vinavyotolewa. Hakuna atakayekuambia kwamba kuna mahali pa kukaa na kutazama, na sisi wenyewe tumekubali kuishi ndani ya ghala la watu.

Ninasoma shahada ya uzamili ya jiografia Dar, kwa hiyo bahari naijua. Coco Beach ninakwenda kwa miguu, bure, na sikatai kwamba ni pazuri. Lakini kuna kichekesho ambacho huwa ninawapa wenzangu darasani. Nungwi ya Unguja kila mtu anaijua, hata asiyewahi kupanda boti ana picha ya rafiki yake aliyekwenda. Sasa uliza Ghuba ya Nungwe iko wapi. Kimya. Iko Geita, ndiko mgodi unakovuta maji yake. Tunagombana vyuoni kuhusu Rosa Mistika ya Kezilahabi bila hamu hata kidogo ya kuiona Ukerewe alikozaliwa mwandishi. Kisiwani hukohuko Aniceti Kitereza aliandika kwa Kikerewe, mwaka 1945, hadithi ya Myombekere na Bugonoka, ikasubiri hadi 1980 kutoka kwa Kiswahili. Kama ziwa lingekuwa jangwa la mawazo, ningeelewa.

Mjomba ana hoja nyingine: watoto wakaione historia Bagamoyo. Waione, siku nyingine. Lakini pembe zilizofika Bagamoyo zilibebwa na nani? Mabegani mwa Wanyamwezi na Wasukuma, watu wa huku, waliotembea miezi. Mtoto wa Shinyanga hahitaji kufika mwisho wa ile njia ndipo aambiwe kwamba ana historia. Nje kidogo ya mji wa Bukoba kuna Katuruka, ambako wanaakiolojia wamefukua mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma za takriban miaka 2,000 iliyopita. Ningependa binamu zangu wadogo wasimame pale kabla hawajafundishwa tena kwamba chuma kililetwa na meli.

Hoja moja ya wanaolikataa ziwa siichezei. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba, ilizama ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza. Mamia walikufa, na makaburi yao yako Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara, wakafa zaidi ya watu 200, ng'ambo wakiwaona. Mtu wa huku wa umri wa wazazi wangu akisikia neno ziwa, husikia majina ya watu. Nilipompigia simu shangazi, yule wa vumbi, tukabishana mpaka salio likakaribia kuisha, ndipo akasema jambo ambalo hakuliandika kwenye kundi: rafiki yake wa chuo cha ualimu alikuwa ndani ya meli ile. Tangu hapo shangazi hajakanyaga chombo chochote cha majini. Akiwa na msiba Sengerema, alizunguka kwa Kahama na Geita, barabara mbovu, saa nyingi, mradi asipande kivuko cha Kigongo. Vumbi analolisema ni la njia hiyo.

Kwa hiyo tarehe 19 Juni 2025, lilipozinduliwa daraja la Kigongo–Busisi, kwangu haikuwa habari ya wakandarasi. Ni kilomita tatu hivi juu ya maji, lililogharimu zaidi ya shilingi bilioni 700, kutoka Misungwi hadi Sengerema. Magazeti yaliandika kuhusu malori, foleni na muda utakaookolewa. Sawa. Mimi nilimfikiria mwanamke wa miaka 58 ambaye sasa anaweza kuwa katikati ya ziwa huku gari lake likiwa limesimama imara juu ya nguzo za zege. Daraja lina njia za waenda kwa miguu pande zote mbili. Nimependekeza kosta isimame Kigongo, wanaotaka wavuke kwa miguu taratibu, wasiotaka wabaki kwenye viti vyao. Shangazi hajajibu pendekezo hilo. Ameuliza tu kama kuna vizuizi vya pembeni, na vina urefu gani.

Kuna wasomi wenzangu watakaosema huu ni ubishi wa anasa: watu hawana dawa, wewe unataka wakatalii. Hili linanikera kuliko yote, maana wanaolisema wametoka Zanzibar juzi. Neno utalii tumelikabidhi kwa mgeni mwenye kofia kwenye Land Cruiser, na mwananchi tumemwachia msiba, hospitali, minada na mitihani kuwa sababu zake halali za kusafiri. Bibi yangu ameona Mwanza kwa sababu ya ugonjwa, Tabora kwa sababu ya kesi ya shamba, Dodoma kwa sababu ya harusi. Hajawahi kwenda mahali kwa sababu pana uzuri. Ana miaka 79. Mkinieleza ni lini nchi itakuwa na dawa za kutosha ili naye aruhusiwe kwenda kutazama maji, nitasubiri.

Sidai kwamba njia ninayoitetea ni kamilifu. Ziwa lina kichocho, na sehemu nyingine lina mamba na viboko, kwa hiyo hakuna mtoto atakayeogelea, hata alie. Wachimbaji wadogo wa Geita bado wanakamatia dhahabu kwa zebaki, na zebaki haibaki machimboni. Kuhusu Rubondo, boti za kutoka Nkome au Kasenda ni ghali kwa ukoo kama wetu ingawa ada ya raia si kubwa, na shangazi hatapanda; wataenda vijana wachache wakarudi kusimulia. (Kisiwa chenyewe kina kisa chake: Wazinza waliokuwa wakiishi humo walihamishwa, na katika miaka ya 1960 wakaletwa sokwe kutoka Ulaya. Ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Binadamu hapewi nafasi hata ya kuhamia kwenye uzuri.)

Kibaya zaidi, barabara kuu inalifuata ziwa kama mtu anayeona aibu kulitazama. Unaambiwa uko mwambaoni, unaona mahindi, mapori, maduka ya vifaa vya machimbo Katoro, na ziwa linachungulia hapa na pale kisha linapotea. Nimepita njia hiyo mara tatu kwa basi na sijaona kibao kinachosema egesha hapa, tazama. Palipo pazuri pana mwalo, ambako wavuvi wana kazi zao na hawahitaji watu wa kupiga picha, au pana ukuta. Hoteli moja jijini Mwanza niliombwa shilingi elfu kumi ili nikae kwenye mawe ya kando ya ziwa. Mawe hayo hayakuletwa na mwenye hoteli.

Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Kifungu cha 57 kinazuia shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingoni mwa bahari au ziwa. Ni sheria nzuri, na bado mtu anaweza kuisoma yote bila kukuta popote panaposema kwamba zile mita 60 ni za bibi mwenye chupa ya chai. Sheria inamlinda ziwa dhidi yetu. Ya kutupeleka kwake hatuna. Ninachodai ni kidogo: kila halmashauri iliyoko mwambaoni, kuanzia Misungwi hadi Bukoba, itenge mahali pamoja pa wazi pasipo lango, penye kivuli, choo kinachofungwa na kufunguliwa, na mtu wa kupasafisha. Geita hawana kisingizio cha fedha. Tangu marekebisho ya sheria ya madini ya 2017, kampuni za madini zinatakiwa kila mwaka kukubaliana na halmashauri mpango wa kurudisha kwa jamii. Madarasa yajengwe, zahanati zijengwe. Choo na miembe minne Nkome haitamnyang'anya mtoto dawati lake.

Ningependa waanze Sengerema, upande wa Busisi, palepale vivuko vilipokuwa vikitia nanga. Kwa miaka mingi foleni ya magari ilikuwa soko. Kina mama walipitisha dirishani samaki wa kukaanga, mihogo, karanga na mayai, na abiria alinunua kwa kuwa hakuwa na pa kwenda. Sasa mabasi yanapita juu ya vichwa vyao kwa dakika chache na hayasimami. Ardhi ya kivuko bado iko pale, inateremka hadi majini, daraja lote linaonekana kwa upande wa kushoto hadi kulia, na wanaojua kukaanga sato hawajahama. Kosta yetu ina watu 26. Tukisimama hapo saa sita mchana, kila mtu na sahani yake, na nyuma yetu isimame nyingine ya Kahama na nyingine ya Nzega, kina mama wale watakuwa wamepata foleni mpya. Halmashauri iweke viti hapo mwaka huu, kabla mtu mwenye hati hajafika na mafundi wa ukuta.