Nyumbani Pole Humfuata Mtu, Huku Mtu Huifuata Pole



Dada mmoja wa hapa London, ambaye wengi wetu tunamfahamu, alikuwa anarudi kutoka zamu ya usiku. Kituo cha basi akatokewa na vijana wawili, mmoja kashika kisu. Wakachukua mkoba na simu, wakaenda zao. Hakukatwa wala hakupigwa. Alifika kwake miguu inatetemeka, akaazima simu ya mpangaji mwenzake, akaanza kuwapigia watu wake.

Wa kwanza alimjibu: "Pole. Lakini saa hizo ulikuwa unapita wapi?" Wa pili: "Pole, mshukuru Mungu, wangeweza kukuua." Wa tatu, aliyeko Dar es Salaam: "Pole mwanangu. Si utanunua nyingine? Uko Ulaya bwana!" Wa nne alimpokonya mazungumzo, akasimulia yeye alivyoporwa Kariakoo, tena kwa panga. Wiki mbili baadaye, kwenye shughuli, nikasikia kwa masikio yangu: "Yule naye kazidi. Kila anayekutana naye anamsimulia. Anatafuta huruma tu."

Kauli hiyo naikataa, na nitasema kwa nini.

Kwetu, iwe Tanga, Mombasa au Unguja, mtu akipatwa na jambo la kutisha hana haja ya kumtafuta mtu. Anakaa tu mkekani. Majirani wanaingia mmoja mmoja, na kila aingiaye anauliza, "Tumesikia, ilikuwaje?" Naye anaanza upya tangu mwanzo. Mpaka jioni keshasimulia mara ishirini, na mara ya ishirini sauti imetulia, hata kicheko kimepita. Hakuna aliyemwita mtafuta huruma, kwa sababu huruma ililetwa mlangoni kwake kama sahani ya futari.

Huku nani atakuja? Mmoja yuko zamu ya mchana, mwingine ya usiku, na wa tatu anakaa mwendo wa treni mbili. Kwa hiyo aliyetishika analazimika kuzunguka mwenyewe, kwa simu na kwa miguu, akikusanya kile ambacho nyumbani angeletewa. Hitaji ni lile lile, idadi ya masimulizi ni ile ile. Kilichobadilika ni nani anamfuata nani. Sisi tuliokaa majumbani bila kwenda kumwona ndio tunaomcheka kwa kutufuata!

Wapo watakaosema haya ni mambo ya kudekezana. Haya, tuwasikilize wataalamu. Mwaka 2000 Chris Brewin na wenzake hapa Uingereza walijumlisha matokeo ya tafiti 77 za watu wazima waliopatwa na mambo ya kutisha. Kukosa watu wa kumshika mkono baada ya tukio kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyohusiana zaidi na mtu kubaki na maradhi ya hofu. Kweli, wataalamu hao hao hawataki tumkamue mtu maneno. Mwongozo wa tiba wa NICE wa mwaka 2005 ulikataza kumkalisha kila aliyepatwa kikao kimoja cha kumsimulisha kama utaratibu wa kawaida. Nami sisemi tumlazimishe. Nasema anapotaka kusema, tumsikilize mpaka amalize.

Tena tuache mashindano. Tarehe 7 Julai 2005 mabomu yalipolipuka kwenye treni tatu na basi moja hapa London na kuua watu 52, wengi wetu tulikuwa njiani kwenda kazini. Nilimsikia mtu aliyetembea kwa miguu mpaka kwake siku ile, mwili mzima unatetemeka, akiambiwa, "Wewe hujaona kitu, ungekuwepo Nairobi mwaka 1998." Ni kweli Nairobi walikufa zaidi ya watu 200. Lakini hofu haipimwi kwa mizani ya sokoni, kwamba ya mwenzako ikiwa nzito basi yako ni bure. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Najua wapo waongo pia, wanaokuza visa ili wapitishiwe kofia ya mchango. Wapo, na tunawafahamu. Lakini kwa ajili ya waongo wawili tumwulize kila aliyetishika maswali ya polisi? Dada yetu hakuomba hata senti. Aliomba dakika kumi.

Basi waungwana, mwenzetu akipatwa, twende. Asiyeweza kwenda apige simu yeye, asingoje kupigiwa. Tuulize "ilikuwaje?" kabla ya kuuliza "ulikuwa unafanya nini huko?" Visa vyetu vingoje siku nyingine. Na kama anaogopa kile kituo, mmoja wetu amsindikize wiki ya kwanza. Pole ya miguu inazidi pole ya mdomo.

Nimemwona juzi dada yule. Hasimulii tena. Nilipomwuliza hali yake alijibu "salama" na kubadilisha mazungumzo. Wapo watakaosema amepona. Mimi naona ametujua tu sisi ni watu wa namna gani, na siku akipatwa na kubwa zaidi, hatutasikia kwake.