Nyumba ya kupangisha Kilosa si pensheni

Imani imeenea kwamba mwenye akiba ya maana, awe mwalimu anayekaribia kustaafu au mfanyabiashara wa mpunga, hana pa kuiweka salama kuliko kwenye kiwanja na nyumba ya kupangisha. Ardhi haiozi, husemwa, na bei yake haishuki. Kariakoo au Sinza, Dar es Salaam, hoja hiyo ina mashiko, kwa kuwa wapangaji wapo hata kabla nyumba haijapauliwa. Ukiihamishia Mabwerebwere, wilayani Kilosa, inakosa miguu, maana kijijini wenyeji wengi wanaishi kwenye nyumba walizojenga wenyewe, na wanaohitaji kupanga ni watumishi wachache na wageni wa msimu. Tuchukue mfano wa nyumba ya shilingi milioni 30 yenye vyumba vinne, kila kimoja kikipangishwa kwa 30,000. Vyumba vyote vikijaa mwaka mzima, jambo la nadra, utapata milioni 1.44. Mtaji utarudi baada ya takriban miaka 21, na hapo hujanunua bati wala kuzibua choo, wala hujabishana na mpangaji kuhusu kodi ya majengo ambayo tangu 2021 inakatwa kwenye umeme wa LUKU. Hatifungani ya serikali ya miaka 20, hata kwa riba ya asilimia 12.10 iliyowekwa mwaka 2022 baada ya kushushwa, ingeleta milioni 3.63 kwa mwaka kwa fedha hizohizo, na haihitaji fundi.

Hapo madalali huja na jibu lao: kodi ni ndogo leo, lakini thamani itapaa, treni ya umeme imeshafika. Kweli, reli ya kisasa (SGR) ina stesheni Kilosa, na safari za Dar es Salaam hadi Dodoma zilianza mwaka 2024. Lakini Kilosa haikuanza kuona reli jana. Reli ya Kati ya Wajerumani ilipita hapo, ikafika Kigoma mwaka 1914. Miaka ya 1960 likajengwa tawi la kutoka Kilosa kupitia Mikumi hadi Kidatu. Zaidi ya karne ya reli, na Kilosa bado ni mji mdogo. Treni humshusha abiria pale alipo na shughuli. Pasipo ajira inayomlazimu kulala hapo, usafiri wa haraka unamwezesha pia mtumishi kuishi Morogoro na kuja Kilosa kikazi tu. Na kama bei itapanda kweli, anayeuza leo amesikia habari za SGR kama wewe. Ameshaziweka kwenye bei.

Kuhusu kutooza, waulizwe waliokuwa Kilosa mwishoni mwa 2009 na Januari 2010, Mto Mkondoa ulipobomoa tuta na maelfu wakahamia kwenye mahema. Udongo ulibaki, kilichokwenda ni nyumba. Tena ardhi yenyewe, kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na mnunuzi hupata haki ya kuitumia. Vijijini kuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huohuo, inayoipa halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji kauli katika ugawaji. Karatasi yenye muhuri wa mtendaji na sahihi za mashahidi wawili, ambayo wengi huiita hati, haitoshi kukulinda siku ukoo wa muuzaji utakapojitokeza.

Watasema nyumba watairithi watoto, ilhali fedha huliwa na mfumuko wa bei. Hoja ya mfumuko ni nzito, na nyumba ya kuishi mwenyewe sina ugomvi nayo: inakuondolea kodi ya pango hata isipopanda thamani. Ila watoto watano waishio Dar es Salaam na Mwanza hawagawani vyumba vinne vya Mabwerebwere bila mtu kuuza, na mnunuzi wao atakuwa yuleyule ambaye hukumpata kama mpangaji.