Mtoto Aulizaye "Tumejuaje?" Asinyamazishwe

Masomo ya jamii, yaani historia, jiografia na uraia, mara nyingi hugeuzwa kuwa ghala la tarehe. Mtoto hukaririshwa kwamba Wareno waliivamia Kilwa mwaka 1505, huandika jibu, hupata alama ya vema, na likizo ikifika amekwisha kulisahau. Mzazi hutazama ripoti, akaridhika.

Hebu tuichukue Kilwa hiyo hiyo. Tarikh yake ya Kiarabu, iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 16, yasimulia kuwa mgeni kutoka Shiraz alikinunua kisiwa kwa nguo zilizotosha kukizunguka. Mtoto wa miaka tisa akiisikia habari hii atacheka kwanza, kisha atauliza: nguo ngapi? Hapo ndipo elimu inapoanza, na hapo ndipo wengi wetu tunapomwambia anyamaze. Laiti tungemwacha aendelee! Aliyeiandika habari hii aliishi miaka mingapi baada ya tukio lenyewe? Watawala waliojinasibisha na Shiraz walipata faida gani ikisimuliwa hivyo? Na aliyekiuza kisiwa alikuwa nani, maadamu tarikh yenyewe yakiri kuwa wenyeji walikuwapo? Wachimbuaji wa mambo ya kale nao wamekuta mabaki ya makazi yaliyotangulia majumba ya mawe. Mtoto aliyeviweka vyanzo hivi viwili ubavu kwa ubavu amejifunza kupima, wala hatahadaiwa kwa urahisi na ujumbe wa simu usiojulikana mwenyewe.

Wapo wazee wanaochelea kuwa mtoto wa namna hii atakosa adabu. Hofu yao naielewa, lakini siafikiani nayo. Imam Bukhari, aliyefariki mwaka 256 Hijria, hakutosheka na msimulizi kuishi zama moja na yule aliyepokea kwake. Alitaka ithibitike kuwa wawili hao walikutana. Nani atamwita mjeuri? Adabu imo katika namna ya kuuliza, nayo hufundishwa: "Samahani mwalimu, jambo hili tumelijuaje?" Si kila mwalimu atafurahi. Mwenye wanafunzi themanini darasani ana udhuru wake, nami simlaumu sana. Sisi wa nyumbani, wenye watoto watatu au wanne, tuna udhuru gani?

Kazi hii haihitaji vitabu vya bei ghali. Mtume mwanao kwa bibi yake akaulize mtaa wenu ulipataje jina lake, kisha aende kwa mzee jirani na swali hilo hilo. Majibu yakitofautiana, usifanye haraka kumwamulia. Mwulize amemsadiki nani, na kwa sababu gani. Akiwa hana sababu, mrudishe akaulize tena.